Hofu ya Urani si Pepo

Tangu Rais Samia azindue kiwanda cha majaribio cha urani huko Namtumbo mwaka 2025, nasikia hata hapa Mpanda kwamba wachungaji wawatoe watu hofu. Nakataa. Hofu hiyo si pepo la kukemewa. Mama anayeuliza maji ya kisima yatakuwaje, na mabaki yenye mionzi yatalindwa na nani wajukuu wake wakizeeka, hajapungukiwa imani. Tomaso alipotaka kuona, Bwana hakumfukuza; alimwonyesha makovu.

Nasi si wageni wa madini. Reli yetu ya kutoka Kaliua ililetwa na madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi ulifungwa siku nyingi; nani amewahi kutueleza ulichoacha ardhini? Wenzetu wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu cha nyuklia, wakilalamika, pamoja na mengine, kwamba hawakushirikishwa.

Tume ya Nguvu za Atomiki ikitaka kuaminiwa, ipime maji kabla mgodi haujaanza na kila mwaka baadaye, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, hata yakiwa mabaya. Wakija kujibu maswali, ukumbi wa kanisa tutawapa. Mimbari, hapana.