Mbele ya kupeleka ordinateri mjini, tuangalie butoni



Mara hii sitasema juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuongee juu ya ordinateri, ile ya kubeba iko mu biro za koperative zetu nyingi. Najua wengine watasema: agronome anatafuta nini mu mambo ya mafundi? Mungojee kidogo.

Msimu wa kahawa uliopita nilifika ku koperative moja kando ya ziwa Kivu. Kilo za kila memba zilikuwa zimeandikwa mu mashini, lakini listi haikufika kwa mnunuzi, na bila listi hakuna malipo. Sababu? Waifai ilikataa kuwaka. Papa prezida alikuwa ameshapeleka mashini mjini, siku mbili za njia na dola 20 kwa fundi. Fundi alisema kadi ya waifai imekufa. Wakati ule memba walishaanza kusema ku soko kama sekretere amekula feza zao. Yule mama alikuwa anaficha uso hata kanisani.

Niliishika ile mashini. Ku ubavu wake kulikuwa kabutoni kadogo ka kusukuma, kenye picha ya antena. Labda kalisukumwa wakati wa kuiingiza mu mfuko. Nikakarudisha, taa ikatoka rangi ya machungwa ikawa ya bluu. Basi. Sikufanya kitu kingine.

Maoni yangu njo haya: koperative isitoe hata franga moja kwa fundi mbele ya kujiangalilia yenyewe. Mashini za zamani, zile zinatoka Ulaya zikiwa zimeshatumika, nyingi ziko na kabutoni ka vile ku ubavu ao mbele. Kama haiko nako, tafuta ku mstari wa juu wa klavye picha ya antena ao ya ndege, ubonyeze Fn pamoja na ile. Ku skrini, angalia kama « Mode avion » haikuwashwa, sababu yenyewe inazima waifai. Kisha fanya « Redémarrer », si « Arrêter » : mu Windows za sasa, kuzima kwa kawaida hakuzimi yote. Ikikataa tena, fungua « Gestionnaire de périphériques », uende ku « Cartes réseau ». Ukiona mshale mdogo unaangalia chini ku jina la kadi, kadi imezimwa tu, haikufa. Bonyeza kuume, uchague kuiwasha. Kama jina halionekane hata kidogo, hapo sawa, umwite fundi. Na kama Windows iliwekwa upya juzi, umwambie, maana mara nyingi ni ile programu ya kuongoza kadi inakosa.

Wengine wanaogopa kuharibu. Kubonyeza Fn hakuharibu kitu. Kufungua mashini na turnevisi, hiyo tumwachie fundi.

Na kazi isisimame wakati munangojea. Telefone yenye intaneti, iunge ku ordinateri na kamba yake ya kuchajia, uwashe mu telefone kugawa intaneti kwa njia ya USB. Hii haiombi kadi ya waifai. Ile listi ingeliondoka siku ileile.

Lawama kubwa iko kwetu sisi wa miradi. Tunaleta mashini, tunapiga picha pamoja na prezida, tunaenda. Tunafundisha mtu mmoja kwa saa mbili. Siku anahama, ujuzi unahama naye. Mimi pia nilifanya vile. Kila koperative ingekuwa na watu watatu wenye kujua haya, na mmoja wao awe yule anapima kilo ku stasyo ya kuoshea, sababu yeye njo wa kwanza kuulizwa feza. Na daftari ya karatasi isitupwe.

Malipo yalipofika, mama sekretere alibandika listi ku mlango wa biro, kila jina na kilo zake. Mpaka leo sijasikia kama kuna mtu alienda kumwomba musamaha.