Kukataza kuuza bunduki haitoshi. Na ile yenye iko tayari mu nyumba?

Wandugu vijana, kila mara mutu anauawa usiku mu kartie, wakubwa wanatujibu: «Silaha zimekatazwa.» Ni kweli. Tangu 1985 tuko na sheria: bila ruhusa ya Leta, raia hana haki ya kuwa na bunduki. Tangu 2003 ONU ilikataza kuletea makundi ya huku silaha. Mkataba wa Kinshasa wa 2010 ulianza kutumika 2017.

Karatasi tuko nazo. Lakini nguvu yote inaenda kwa mwenye kuuza na mwenye kuingiza. Ile yenye iko chini ya kitanda, nani anaifuata? Bunduki haiozi kama muhogo. Ya vita ya 1996 inaweza kuua hata leo.

Bukavu, Februari 2025, askari walikimbia, silaha zikabaki barabarani, mpaka watoto wakaokota. Zile hakuna mwenye aliziuza. Kukataza biashara kutazikamata namna gani?

Wengine walishapita hapa. Marekani, 1994, walikataza kuuza aina fulani za bunduki, lakini zenye zilikuwa tayari kwa watu ziliachwa. 2004 sheria ile ikaisha. Australia, kisha mauaji ya Port Arthur mu 1996, serikali ilizinunua kwa raia na kuziharibu, zaidi ya 600.000. Hata kwetu Katanga, PAREC ya pasta Mulunda ilitoa baiskeli, watu wakaleta bunduki.

Utaniuliza: «Nikirudisha yangu, na mwizi akikuja usiku?» Una haki. Juu ya ile, raia hawezi kuanza peke yake. Kwa kila mwenye kujiita mamlaka huku kwetu, tunadai:

1. Muda wa kurudisha silaha bila kufungwa, bila kuulizwa ilitoka wapi.
2. Hapana feza mu mkono, juu mutu atauza ya zamani na kununua ingine. Kartie yenye kurudisha ipate maji na taa za barabara.
3. Silaha ziharibiwe mbele ya raia, zisirudi mu depo na kutoka tena usiku.
4. Ulinzi wa usiku wenye kulipwa vizuri, usiokula raia.
5. Kuacha kugawa mpya kwa vijana.

Ile ya tano inatugusa sisi. Niko na diploma, sina kazi. Bunduki nilishaahidiwa. Kazi, bado.