Hujadai Bima Mwaka Mzima? Basi Dai Punguzo Lako

Wengi wetu wenye magari hapa Mugutha hulipia bima hivi: SMS ya kukumbushwa inaingia, unaweka namba ya paybill, kiasi walichokutajia na PIN, basi. Dakika moja imeisha. Maoni yangu ni kwamba dakika hiyo inatupotezea pesa, hasa wewe uliyeendesha vizuri.

Kuna watu hufikiri ukiacha makosa barabarani, bei ya bima itashuka yenyewe. Hapa Kenya, rekodi yenye uzito zaidi ni ya madai: umewahi kuiomba kampuni ikulipie ajali mara ngapi? Ukimaliza mwaka bila kudai, kampuni nyingi hutoa punguzo la kutodai kwa bima kubwa, ile ya komprehensivu. Bima ya thadipati, ambayo ndiyo ya lazima kisheria, kwa kawaida huwa na bei moja kwa kila aina ya gari, kwa hiyo hapo usitarajie mengi.

Hebu tupige hesabu. Gari la shilingi 1,000,000, kwa kiwango cha mfano cha asilimia 4, ni 40,000. Ongeza ada ya mafunzo ya asilimia 0.2, ya mfuko wa fidia ya asilimia 0.25 na stempu ya shilingi 40: jumla 40,220. Ukipewa punguzo la asilimia 10, unalipa 36,202. Hiyo ni 4,018 imebaki kwa simu yako. Si zawadi hiyo, ni jasho lako la kuvumilia jamu ya Kamakis bila kumgonga mtu.

Shida ni kwamba mteja anayelipa bila kuuliza haonekani kama anahitaji punguzo. Nimesomea masoko, na huo ndio ukweli wa biashara yoyote. Kwa maoni yangu, kila kampuni ingepaswa kuandika punguzo hilo wazi kwenye ile SMS. Kabla hilo lifanyike, uliza mwenyewe.

Fanya hivi mwezi mmoja kabla bima iishe

1. Iombe kampuni yako barua inayoonyesha historia ya madai yako. Ukihama, kampuni mpya itaitaka.

2. Uliza bei kwa kampuni tatu hivi, bima ya aina ile ile na thamani ile ile ya gari. Gari hushuka thamani kila mwaka, kwa hivyo omba lithaminiwe upya. Lakini usitaje thamani ya chini kuliko ukweli. Siku ya ajali utalipwa nusu nusu.

3. Uliza kima cha chini. Kama gari lako ni dogo na kampuni haiteremki chini ya kiasi fulani, punguzo linaweza kumezwa lote hapo.

4. Uliza eksesi, yaani kiasi unachojilipia mwenyewe kabla ya bima kuingia. Ikiwa eksesi ni 15,000 na mkwaruzo ni wa 8,000, kudai hakukuletei kitu, na kunaweza kukuharibia rekodi. Ripoti tukio, kisha lipia fundi mwenyewe.

5. Sema ukweli kuhusu ajali za nyuma. Ukificha, kampuni inaweza kukataa kulipa.

Bei ya chini pekee isikupumbaze. Invesco ilipoanguka mwaka 2024, wenye matatu waliokuwa nayo walilazimika kutafuta bima kwingine. Hakikisha kampuni ina leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima. Kisha lipa kwenye paybill ya kampuni yenyewe, si kwa namba ya kibinafsi ya ajenti, hata kama ni rafiki yako wa Juja. Soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Ukishalipa, thibitisha cheti chako kwenye mfumo wa DMVIC na uhifadhi ile SMS ya malipo.

Kulipa kwa simu kumekuwa rahisi, na tunafurahia hilo. Lakini urahisi usitufanye tulipe bei ya dereva mzembe wakati sisi tumekuwa waangalifu. Bima yako inaisha lini? Angalia leo, kisha piga simu tatu.