Homa ya Sindano Haipimi Ugonjwa

Ndugu zangu wa Tanga,

 

Kwenye simu zetu yanazunguka maneno mawili. Mmoja anasema chanjo ya Korona ilimlaza kutwa, basi ugonjwa wenyewe ungemuua. Mwingine, tena mzee wetu, anasema yeye hakusikia chochote, mwili wake ni imara, dozi nyingine ya nini? Hili la pili linanikosesha usingizi.

Watu wengi wa Afrika Mashariki hapa Brooklyn Park, jirani na Minneapolis, tunafanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee. Chanjo ilipofika Minnesota Desemba 2020, wahudumu na wazee tulitangulizwa. Baada ya dozi ya pili, vijana wenzangu walitetemeka kwa homa na kuumwa viungo. Wazee wengi waliamka wakaulizia chai. Kama maudhi ya sindano yangekuwa yanabashiri ukali wa ugonjwa, wa kuhofiwa wangekuwa hao vijana. Lakini mwaka 2020, zaidi ya nusu ya waliokufa kwa Korona jimboni humu walikuwa wakazi wa nyumba kama hizo. Vitanda vyao tulivitandua sisi.

Majaribio ya chanjo ya Pfizer yalionyesha hivyo hivyo. Baada ya dozi ya pili, homa iliwapata watu kama 16 katika kila 100 wa umri usiozidi miaka 55, na 11 katika kila 100 waliozidi hapo. Hata hivyo wazee walikingwa karibu sawa na vijana. Na katika wale vijana waliochomwa maji ya chumvi tu ili kulinganisha, karibu robo walilalamika uchovu!

Chanjo ile haina kirusi cha kuzaliana. Inaufundisha mwili kutengeneza protini moja, mwili unashtuka, homa inapanda, siku mbili tatu imekwisha. Kirusi chenyewe huzaliana hadi mapafuni, na hapo umri, kisukari na unene ndivyo vinavyoamua mengi. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, ila ukali wa sauti yake hautaji idadi ya maadui. Kwa hiyo, nawasihi, mzee asiyesikia kitu msimwache nyuma.

Na kina mama wenye wachanga: mtoto akipata homa wiki moja hivi baada ya chanjo ya surua, msidhani ni mdhaifu, wala msiiache dozi ya miezi 18. Hapa Minnesota wazazi wengi wa Kisomali walitishwa kwamba chanjo hiyo huleta usonji, jambo ambalo si kweli. Mwaka 2017 surua ikaingia, ikapata watu 75, wengi wao wakiwa watoto wa Kisomali ambao hawakuchanjwa. Kadi za kliniki za watoto mzitazame wiki hii, mnijulishe nani kabakiza dozi.

Ndugu yenu, Minnesota