Pilipili Kwenye Kaunta ya Duka



 

Ndugu zangu katika imani, Waislamu wa Endamarariek, wilayani Karatu, ni wachache, na uchache huo una faida yake: mwenye swali hakosi nafasi ya kusikilizwa. Baada ya swala ya Ijumaa kijana mmoja mwenye duka la rejareja alinishika mkono akaniambia, "Sheikh, kabla hujaondoka naomba upite dukani, kuna bidhaa nataka unieleze hukumu yake." Nikadhani ni zaka ya mali ya biashara, maana ndilo swali la wenye maduka. Kumbe sivyo. Juu ya kaunta, baina ya chupa ya pipi na vocha za simu, palikuwa na kisanduku cha karatasi ngumu kilichopangwa vikopo vidogo vyenye umbo la rangi ya mdomo. Ni spree ya pilipili. Msambazaji alikuwa amemwachia kwa mali kauli: auze kwanza, alipe baadaye.

Kwa wasioijua, ndani ya kikopo kile mna mafuta yaliyokamuliwa katika pilipili kali, pamoja na hewa ya kuyasukuma nje. Yakimfika mtu usoni, macho hufumba bila ya hiari yake, machozi humtoka, kifua hubana na kikohozi humshika. Hali hiyo hudumu nusu saa au zaidi, kisha hupungua. Kwa walio wengi haiachi kilema, ila mwenye pumu anaweza kupatwa na madhara makubwa. Atakayepatwa nayo na atolewe penye upepo safi, aoshwe kwa maji mengi, wala asisugue macho.

Jambo lenyewe si geni huku kwetu kama linavyodhaniwa. Wakulima wa Tanzania wanaopakana na hifadhi wamekuwa wakiwafukuza tembo kwa pilipili miaka mingi: wengine hupaka mafuta yenye pilipili kwenye kamba na matambara yanayozunguka shamba, wengine huchoma matofali ya kinyesi yaliyochanganywa nayo. Ipo hata njia ya kutia unga wa pilipili na fataki ndani ya mpira, mpira ambao si mahali pake kuutaja katika ukurasa huu, ili upasuke hewani mbele ya mnyama. Mnyama hugeuka akarudi msituni akiwa mzima, na mahindi yakasalimika.

Nilimwuliza yule kijana ni nani wanaoulizia vikopo hivyo. Akanijibu kuwa ni akina mama wanaofunga biashara zao usiku, na wazazi wa mabinti wa sekondari. Mwenye kuijua Karatu ataelewa. Mbaazi hupandwa pamoja na mahindi, na mahindi yakishavunwa zenyewe hubaki shambani zikiendelea kukua hadi kumpita mtu kimo. Njia ya miguu ikipita katikati yake huwa kama uchochoro usio na dirisha. Binti anayetoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza anapita humo peke yake. Mzazi anayesema hofu hiyo ni ya kuzua hajawahi kuipita njia hiyo alfajiri.

Je, inajuzu binti huyo kubeba kitu cha kujikinga? Wanazuoni wetu hawakuliacha suala hili. Imamu Nawawi, katika Minhaj ambayo imesomeshwa pwani yetu kizazi baada ya kizazi, ameeleza hukumu ya kumzuia mwenye kukuvamia, na ameiweka kwa daraja. Ikiwa kelele na kuomba msaada vinatosha, kupiga ni haramu. Mkono ukitosha, kiboko ni haramu. Kiboko kikitosha, fimbo ni haramu. Na kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii, ikiwezekana kukimbia, basi kukimbia ndiyo wajibu. Lakini kuilinda heshima ya mwanamke dhidi ya mwenye kutaka kumbaka ni wajibu, si jambo la hiari. Sasa kipime kikopo hiki kwa mizani hiyo. Kinampa aliyevamiwa muda wa kukimbia, na hakimwui aliyevamia. Kwa maoni yangu mahali pake ni chini ya fimbo, na mbali sana na kisu.

Tena tunaye Ummu Sulaym, mama yake Anas bin Malik (RA). Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba siku ya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, alionekana na jambia. Mumewe Abu Talha akapeleka habari kwa Mtume (SAW), naye alipoulizwa la nini, akasema kwamba mshirikina akimkaribia atampasua nalo tumbo. Mtume (SAW) akacheka, wala hakumnyang'anya.

Hivyo nilimwambia kijana wangu kuwa asili ya kitu hiki ni halali. Akafurahi, lakini nikamwomba asubiri, kwani sikuwa nimemaliza. Tatizo nililiona pale kwenye kaunta.

Mtume (SAW) ameagiza kwamba apitaye na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha, asije akamjeruhi Mwislamu. Ikiwa huo ni mwendo wa mpita njia, vipi mwenye duka anayeuweka mshale mezani karibu na pipi? Mtoto wa miaka sita aliyetumwa kununua chumvi anafikisha mkono pale. Na umbo la rangi ya mdomo limebuniwa ili adui asiitambue, lakini mdogo wake yule binti naye hataitambua. Ataifungua mbele ya kioo. Siri ya namna hiyo sioni faida yake inayolingana na hatari yake. Kikopo kinachojulikana kuwa ni kikopo kinatosha, na huingia mfukoni vilevile.

Liko pia suala la mnunuzi. Kinachomfumba macho mhalifu kinaweza kumfumba macho msafiri anayeporwa, au mwenye bodaboda usiku. Katika Suratul Maida, aya ya 2, tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui, na mafakihi wakazungumzia kwa msingi huo hata mwenye kumwuzia zabibu mtu anayejulikana kuwa atazigeuza ulevi. Muuza duka wa kijijini anawajua watu wake kuliko askari anavyowajua. Bidhaa ikiwa juu ya kaunta mtu hujichukulia akalipa, na ule ujuzi wa mwenye duka haufanyi kazi. Ikiwa nyuma yake, hana budi kuombwa, naye atamtazama mwombaji usoni.

Vilevile vikopo hivi vina muda wake. Hewa hupungua, na kilichokwisha muda hutoa matone badala ya mpulizo. Mnunuzi hawezi kukijaribu dukani, na siku atakapojua kuwa amedanganywa ndiyo siku aliyokuwa akikihitaji. Kuuza bila kusoma tarehe ni ghushi, na Mtume (SAW) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta majimaji ndani, alimkemea muuzaji.

Na serikali je? Uingereza, kwa sheria yake ya silaha ya mwaka 1968, imekataza raia kumiliki kitu hiki. Kenya, katika Sura ya 114, huhesabu kuwa ni bunduki kila silaha iliyotengenezwa kurusha kimiminika au gesi yenye kudhuru. Ujerumani huuzwa madukani ikiwa na maandishi kuwa ni ya kujikinga na wanyama. Sisi Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujilinda kwa nguvu za kadiri, na tunayo sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Nilimshauri asichukue neno la msambazaji, bali achukue kikopo kimoja, aende kwa mkuu wa polisi wa wilaya pale Karatu, aulize kabla ya kuuza cha pili.

Wazazi wenzangu, wako watakaonunua kikopo wakaona wamemaliza wajibu. Binti akipewa kikopo bila kufundishwa upepo unavuma kuelekea wapi, atajipulizia mwenyewe. Na kaka zake watatu wanaolala hadi jua litoke, nani amewasamehe kumsindikiza? Nilipouliza hilo barazani, wazee wawili walitazamana, na mmoja akasema kwamba kwenye njia ile wapo mabinti wa nyumba nane, Waislamu na Wakristo, na hakuna aliyewahi kufikiri kuwakusanya waende pamoja.

Nilipopita tena dukani kuaga, kaunta ilikuwa na pipi na vocha tu. Vile vya rangi ya mdomo alikuwa amevifunga ili virudi kwa mwenyewe. Vingine vinne, vya kawaida, alivipandisha rafu ya juu, karibu na sumu ya panya, vikisubiri jibu la polisi.