Ng'ombe wa Mnadani Asikimbizwe

Katika mashindano ya farasi ya masafa marefu, daktari wa mifugo humpima kila farasi kituoni. Mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, farasi huondolewa, hata akiwa ametangulia wote. West Nile haina desturi ya farasi, lakini ng'ombe aswagwaye kutoka Koboko hadi Arua, masafa yapatayo kilomita 55, astahili uangalifu uo huo.

Mchungaji hana vyombo vya daktari, ila anayo macho. Ahesabu ubavu unavyopanda na kushuka: pumzi zikizidi 60 kwa dakika, joto limeanza kumwelemea mnyama. Akihema kinywa wazi huku mate yakimtoka, fimbo haifai kitu. Apelekwe kivulini, anyweshwe maji, apoe.

Safari ianze alfajiri, isimame jua likiwa kali, iendelee jioni. Igawanywe kwa siku tatu. Ng'ombe apate nafasi ya kula majani na kucheua, na kundi lifuate hatua za aliye dhaifu, kama askari waendavyo pasipo kumwacha mwenzao nyuma.

Mnyama aliyekimbizwa hufika amekonda, kwato zikimuuma, na bei yake hushuka. Ada ya shule ya watoto ndiyo ipunguayo. Tena sheria ya Uganda yakataza kumswaga mnyama kikatili kupita nguvu zake. Mwenda pole hajikwai.