Mashini yetu isikuwe mupelelezi

Wandugu, tufungue macho. Mwezi wa tano 2024 Microsoft ilitangaza Recall: programu ya Windows yenye kupiga picha za ekra yako kila sekunde chache na kuziweka ndani ya mashini. Ilipangwa iwake yenyewe. Wataalamu wakaonyesha kama maandishi yake yanasomeka wazi. Watu wakapiga kelele, Microsoft ikarudi nyuma: sasa inawaka tu ukikubali.

Leo iko ku mashini mpya. Kesho hizo hizo zitatufikia kama okazio, na shiye mashini moja tunaitumia watu wengi. Mwenzako anafuta ujumbe kwake. Picha yake inabaki kwako. Siku mashini inakamatwa, majina yetu njo yatasomwa.

Mwenye kuwa nayo aizime, afute picha zote. Mumoja akikubali, siri ya wote iko inje.